Karani Kaondoka, Mzani Umebaki
Jumatatu pale Omurushaka, magunia ya kahawa ya maganda yalikuwa yamepangwa hadi barazani, na mzani unaning'inia mtupu. Karani wa msimu, kijana wa kule Nkwenda, Kyerwa, alikuwa amepanda basi alfajiri. Ajira ya kudumu imemtokea Mwanza. Kalamu kaiacha ndani ya daftari, ukurasa wa Jumamosi. “Hana shukrani huyu!” akafoka mzee mmoja aliyekalia gunia lake. Mimi nikanyamaza, maana ujanani niliwahi kuacha kibarua cha kuhesabu mikungu ya ndizi bila hata kuaga, na aibu yake sijaimaliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema, ukishapita mwezi wa kwanza, anayelipwa kwa siku au wiki atoe notisi ya siku 4, wa mwezi siku 28. Siku 4 zatosha kumwonyesha mwenzio daftari; hapo kijana kakosea. Lakini mwenye kibanda cha msimu asimnunie mpangaji aliyepata nyumba ya bati. Mtu anayelipwa kwa hesabu ya magunia, bila karatasi hata moja, ni kama hajaajiriwa. Ameazimwa, na huyu kajirudisha mwenyewe. Mzee akashuka kwenye gunia, akaulizia ile kalamu.