JEMBE LA MKE, JINA LA MUME

Ndugu wanachama wa Mamba, leo hatuandiki habari za wakoloni. Bendera yao ilishushwa mwaka 1961. Leo twaandika habari za nyumbani kwetu, na ye yote atakayechoma moyo kwa maneno haya na asome mpaka mwisho kabla ya kukasirika.

Nenda shamba lo lote la tangawizi alfajiri, utamkuta nani? Utamkuta mama, mtoto mgongoni, jembe mkononi. Yeye hukata mbegu, huipanda, huifunika kwa majani, huipalilia. Jioni hurudi na kuni na majani ya ng'ombe, apike, aogeshe watoto. Siku ya msaragambo naye yumo. Baada ya miezi minane au tisa tangawizi huchimbwa, na magunia hushuka barabarani juu ya vichwa vya akina mama hao hao. Lakini mzani ukisimama na fedha zikihesabiwa, mara nyingi mkono unaonyooshwa kuzipokea si ule wenye sugu.

Hatusemi waume wote ni hivyo. Tunao waungwana wanaokaa na wake zao wakapanga pamoja ada ya shule, chumvi na bati la nyumba. Hao twawaheshimu. Twasema na wale ambao shamba kwao ni la mke wakati wa kulima, na la mume wakati wa kuuza.

Jambo hili si geni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilieleza wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 hata 14 kwa siku, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizoni nusu ya maisha yao. Wengi wetu tulipiga makofi, tukarudi kilabuni.

Tena sisi Wapare tunayo sababu kubwa ya kuona haya. Mwaka 1945 maelfu ya wazee wetu walishuka milimani wakakaa Same kuipinga kodi ya mbiru. Wakati ule mashamba yalilimwa na nani? Watoto walilishwa na nani? Na mwezi Januari 1946 wanawake wa Usangi walimkabili Bwana Shauri uso kwa uso, wakadai shauri hilo limalizwe na waume zao warudi. Mbiru ikafutwa. Basi aliyefaa kumkabili mkoloni, hafai kuandikwa katika karatasi ya shamba?

Watatuambia, “Ardhi ni ya ukoo, na mke ni mgeni.” Mgeni gani huyu anayelima miaka ishirini? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; huyu alipewa jembe siku ya kwanza, na mpaka leo hajaitwa mwenyeji! Mumewe akifa, ndugu huja kupima mipaka kabla ya matanga kwisha. Akiachwa, hurudi kwao na nguo alizovaa.

Watatuambia, “Mahari imelipwa.” Mahari ni heshima kwa wazazi. Haikununua mikono ya mtu.

Watatuambia, “Hayo ni mambo ya Wazungu.” Uongo! Huko Uingereza, kabla ya sheria za mwaka 1870 na 1882, mali ya mke ilikuwa ya mumewe. Sheria zetu zimetungwa na Bunge letu wenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yampa mke haki sawa na mume ya kupata mali na kuimiliki. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba hata ardhi ikiwa kwa jina la mmoja, mwenzi wake aliyeitolea jasho anahesabiwa kuwa na haki ndani yake. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka ule ule yabatilisha mila yo yote inayomnyima mwanamke ardhi.

Basi sheria ipo. Kinachokosekana ni moyo, na jina kwenye karatasi.

Kwa hiyo twataka mambo haya. Hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina mawili, la mume na la mke. Mke aandikishwe kuwa mwanachama wa ushirika kwa jina lake, apokee fedha za gunia lake mwenyewe. Wanawake watatu ambao sheria yataka wawemo kati ya wajumbe saba wa Baraza la Ardhi la Kijiji wasiwe wa kujaza viti. Waseme na wasikilizwe. Baba agawapo shamba, asimruke binti.

Na tuanze na sisi wenyewe tuliomo katika ofisi za Chama. Kila kiongozi wa tawi atakayesimama mkutanoni kuzungumzia haki, na aulizwe kwa sauti: “Ndugu, shamba lako lina majina mangapi?” Akibabaika, aketi kwanza, aende nyumbani akamwandikishe mkewe, ndipo arudi kutuhutubia.

Uhuru na Kazi! Na mfanyakazi alipwe.