BARUA YA KUACHA KAZI ILIYOANDIKWA NA TAJIRI



Twataka kusema juu ya hila moja inayofichwa nyuma ya karatasi. Wako matajiri wenye shule zao wenyewe ambao hawapendi kumfukuza mwalimu mkuu waziwazi. Humwita ofisini, mlango ukafungwa, akawekewa karatasi na kalamu mbele yake. Huambiwa: "Andika kwamba umeacha kazi kwa hiari yako, au tutakuharibia jina usipate shule nyingine." Mwalimu anafikiri karo ya watoto wake. Anafikiri nyumba ya shule anayolala. Anatia sahihi. Akienda baadaye kudai haki yake, tajiri anaitoa karatasi ile na kusema: "Mimi sikufukuza mtu. Alikwenda mwenyewe. Tazameni sahihi yake."

Twauliza: hiari gani hiyo?

Na kwa nini tajiri aipende sana karatasi hiyo? Jibu liko katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Tajiri akitaka kumfukuza mtu kwa kosa, au kwa kusema kazi yake ni mbovu, kifungu cha 41 kinamlazimu kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoifahamu, na amsikilize akiwa pamoja na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama. Kifungu cha 43 kinamtaka athibitishe sababu zake. Mtu wa mshahara wa mwezi yampasa apewe notisi ya siku 28, au alipwe badala yake. Na koti ikiona alifukuzwa bila haki, yaweza kuamuru alipwe mpaka mshahara wa miezi 12.

Sasa tazameni kazi ya ile karatasi moja. Hakuna kusikilizwa. Hakuna sababu ya kuthibitisha. Hakuna fidia. Tena mambo yanageuka: kwa kuwa "ameacha kazi" bila notisi, tajiri anamdai mwalimu mshahara wa mwezi mmoja! Mtu kasukumwa nje ya mlango, kisha anatozwa ada ya kupita mlangoni.

Lakini sheria si kipofu kama tajiri anavyodhani. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya Kenya, katika kesi baina ya kampuni ya Coca-Cola East and Central Africa na mfanya kazi wake, ilieleza kanuni za jambo hili. Tajiri akiuvunja mkataba katika mambo yaliyo mizizi yake, na mfanya kazi akaondoka kwa sababu hiyo, basi huyo hakuacha kazi. Amefukuzwa, ijapokuwa barua ni ya mkono wake. Naye aweza kuondoka kwa notisi au bila notisi. Kumkatia mtu mshahara bila kukubaliana naye au kumnyima mshahara miezi mingi ni kuuvunja mkataba, si kuongoza shule. Na sahihi iliyopatikana kwa vitisho si hiari.

Hata hivyo hatutaki kuwadanganya wanachama. Koti haimhurumii mtu kwa sababu ni maskini. Mwenye kusema alilazimishwa ndiye atakayeleta ushahidi. Mtu aliyeandika barua yake kwa utulivu, akaaga wenzake, akapokea malipo yake yote, kisha baada ya mwaka akasema alilazimishwa, atashindwa, na kushindwa kwake kutakuwa kwa haki. Vile vile aliyevumilia uonevu muda mrefu bila kulalamika huonekana kuwa ameukubali. Kwa sababu hiyo twasema kesi ya namna hii hushindwa au hushinda siku ile ile ya karatasi, kabla wakili hajaonekana.

Tunajua wako wanachama watakaosema: "Hedimasta ni bosi. Jana alimkata mpishi siku mbili, alimfokea mlinzi. Leo yamempata, atajiju." Ndugu, maneno hayo ni matamu mdomoni lakini ni sumu kwa chama. Mwalimu mkuu wa shule ya mtu binafsi ana funguo za ofisi tu; shule si yake. Anapokea mshahara kama wewe, na mkono unaompa waweza kumnyima. Tena wahenga walisema: ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji. Kama mtu aliyesoma, ajuaye kuandika na kujibu barua, aweza kufanywa aandike kufukuzwa kwake mwenyewe, je, mpishi? Je, dereva wa basi la shule? Je, kibarua wa shamba la mkonge anayewekewa karatasi ya Kiingereza atie kidole gumba?

Wazee wetu wa Taita wayajua mambo haya. Wamisionari wa C.M.S. walifika Sagalla mwaka 1883, na misheni ya Kikatoliki ikafunguliwa Bura mwaka 1892. Walileta shule, na twashukuru kwa kusoma. Lakini zamani zile mwalimu alikuwa chini ya meneja wa misheni, na neno la meneja lilitosha. Ndiyo sababu walimu wa Kenya waliunda chama chao, KNUT, mwaka 1957, na wakapigania wawe na mwajiri mmoja. Walipata Tume yao, TSC, mwaka 1967, na Katiba ya 2010 imeitia nguvu. Leo mwalimu mkuu wa shule ya serikali hafukuzwi na halmashauri ya shule wala na mwanasiasa aliyefunga geti. Mwajiri wake ni TSC, nayo ina kanuni zake za kumsikiliza. Haki hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilipiganiwa.

Mwalimu wa shule ya binafsi bado yuko mahali pa wazee wale, chini ya meneja. Tofauti ni kwamba sasa sheria iko. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama naye siku anapoitwa ofisini.

Basi kila mwanachama, awe mwalimu, karani, mpishi au mlinzi, ashike maneno haya:

1. Usitie sahihi ndani ya ofisi ya tajiri. Sema: "Nipe karatasi, nitaisoma nyumbani." Hakuna sheria inayokulazimisha ujibu saa ile ile.

2. Dai mwenzako au mjumbe wa chama awepo. Wakikataa, andika siku, saa na majina ya waliokuwamo.

3. Kama umekwisha kutia sahihi kwa vitisho, usilale. Andika barua mara moja, useme ulilazimishwa na kwa njia gani, nawe ubaki na nakala. Tunza pia ujumbe wa simu.

4. Lalamiko juu ya kufukuzwa bila haki hupelekwa kwa afisa wa kazi ndani ya miezi 3. Kesi kotini isipite miaka 3. Ukichelewa, hata haki iliyo wazi kama Mlima Kilimanjaro asubuhi haitasikizwa.

5. Usiogope safari ya Mombasa. Tangu mwaka 2018 mahakimu wa vyeo vya juu wamepewa uwezo wa kusikiza kesi za wafanya kazi ambao mshahara wao hauzidi Sh. 80,000 kwa mwezi. Uliza kwanza kwa karani wa koti iliyo karibu nawe.

6. Lipa ada ya chama kabla ya shida, si siku ya shida.

Na kwa matajiri wenye shule twasema hivi. Mnafundisha watoto somo la uraia, mnawaambia kwamba Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mtu haki ya kutendewa sawa kazini. Watoto wana macho. Wanaona mwalimu wao mkuu amekuwako Ijumaa, na Jumatatu hayupo, na hakuna anayesema neno. Kama mna kosa juu yake, liandikeni na mwiteni ajibu mbele ya shahidi. Kama hamna, mwacheni afanye kazi. Lakini msimpe kalamu na kumshika mkono, kisha mkasema kwamba ameandika mwenyewe.

Umoja ni nguvu.