Goma: Mwenye gari naye aangalie moteri

Gari dogo la zamani haliharibiki bila kuonya. Mshale wa joto unapanda, maji ya radieta yanapungua kila siku, mafuta ya moteri yanageuka meupe kama maziwa. Hapo maji yamekwisha kuingia katika mafuta. Lisiwashwe tena mpaka fundi alione.

Lakini wenye magari wengi wanahesabu pesa ya jioni tu, na shoferi anaogopa kupoteza saa moja kwenye garaji. Wanaoumia ni abiria. Familia ya wahami inayorudi Masisi inapakia magodoro, masufuria na watoto ndani ya Corolla moja, kisha moteri inachemka katika njia ya kupanda Mushaki, na usiku unakaribia.

Asubuhi, moteri ikiwa baridi, shoferi aangalie maji, mafuta na mkanda. Filta ya hewa nayo: vumbi jeusi la Nyiragongo linaiziba haraka. Likichemka njiani, azime na angoje lipoe. Kifuniko cha radieta kikifunguliwa kingali na moto, maji yanaruka na kuunguza uso.

Mkanda mpya ulipwe na mwenye gari, usikatwe katika mshahara wa shoferi.