Maputo yalienda, mnara wetu uko wapi?

Wasee wa Nakuru, mnakumbuka Loon? Julai 2020, Telkom Kenya na Loon, kampuni ndugu ya Google, waliwasha intaneti ya 4G kutoka kwa maputo, kama kilomita 20 juu ya vichwa vyetu. Nakuru, Baringo, Narok, Kericho, zote ndani. Januari 2021 Loon ikatangaza inafunga. Sababu? Biashara haikuwa inalipa.

Siwalaumu. Kampuni lazima ihesabu pesa. Shida yangu ni hii: nafasi ya chuo unaomba KUCCPS, mtandaoni. Mkopo wa HELB, mtandaoni. Cheti cha tabia njema, eCitizen. Serikali imetulazimisha tuingie mtandaoni, lakini njia ya kufika huko imeachia soko.

Sisi wa tao tunalia bando imeisha saa sita usiku. Sawa, inauma. Lakini kuna msee Baringo mwenye gredi kama zako, na lazima apande kilima kwanza ndio simu ishike. Siku ya mwisho ya kuomba haimngojei.

Barabara ya kijijini haijengwi ndio ilete faida. Intaneti pia tuihesabu hivyo. Na pesa iko: Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo kampuni za simu huchangia ili mtandao ufike pale soko halitaki kwenda.

Kwa hivyo mheshimiwa akija kutafuta kura, usimwombe tisheti. Muulize mnara uko wapi.