Mifumo Yetu Ipashane Habari Kwanza

Miaka michache iliyopita mama mmoja kutoka kijiji cha kaskazini ya Pemba aliingia katika chumba changu cha uchunguzi, akaiweka simu yake juu ya meza bila ya kusema neno. Wiki sita kabla ya siku hiyo alikuwa amejifungua mtoto aliyekwisha kufa tumboni. Katika simu mlikuwa na ujumbe uliotumwa na kompyuta alfajiri ile: hongera, mtoto wako ametimiza wiki sita, mpeleke kituoni apate chanjo.

Aliniuliza swali moja tu. "Dokta, kwani huko kwenu hamwambiani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Kifo kile kiliandikwa siku ile ile katika kompyuta ya hospitali alikojifungulia. Programu iliyotuma ujumbe ilikuwa nyingine, yenye orodha yake yenyewe. Ilimsajili mimba ikiwa ya miezi minne, ikahesabu siku kuanzia tarehe ya makisio. Hakuna mtu aliyekosea. Kila mfumo ulifanya kazi yake sawasawa, na kwa kazi hiyo mama akatoneshwa kidonda.

Tangu hapo nimekuwa na msimamo ambao baadhi ya wenzangu wanauona wa kikale: kabla ya kumwongezea mgonjwa au mhudumu arifa moja zaidi, tuhakikishe kwanza kwamba mifumo inaarifiana yenyewe kwa yenyewe.

Kwamba jambo hili linawezekana, Zanzibar imekwisha kulionyesha. Mwaka 2008 vituo vya afya vilianza kutuma taarifa za malaria za kila wiki kwa simu ya mkononi, na mwaka 2012 ukaongezwa mfumo uitwao Coconut Surveillance. (Sisi wa kisiwa cha karafuu tumewasamehe walioupa jina la nazi.) Muuguzi anapomkuta mgonjwa na vimelea vya malaria, hutuma habari kwa simu, mfumo humwarifu ofisa wa ufuatiliaji wa malaria wa wilaya, naye hupanda pikipiki akaenda kituoni, kisha nyumbani kwa mgonjwa, akawapima wote waishio humo na kuwatibu wenye vimelea. Lengo ni kufika nyumbani ndani ya saa 48.

Nguvu ya utaratibu huo haimo katika simu. Imo katika kuwa tukio lililotokea mahali pamoja humfikia mtu anayejulikana, mwenye wajibu wa kuondoka na chombo cha kumfikisha, na mfumo huonyesha kama kazi imekwisha au bado. Arifa nyingi tunazozipokea siku hizi hazina hata moja kati ya hayo. Hutumwa kwa "kituo", yaani hazitumwi kwa mtu yeyote. Nimeisikia kwa masikio yangu simu ya kazi ikilia ndani ya mtoto wa meza, na muuguzi pekee wa zamu akiwa na foleni ya akina mama hadi barazani. Simlaumu.

Ujumbe kwa mgonjwa nao una kikomo chake. Katika utafiti uliofanywa Zanzibar na kuchapishwa mwaka 2012, wajawazito 2,550 wa vituo 24 walifuatiliwa; baadhi ya vituo viliwapa jumbe za simu pamoja na vocha za kumpigia mhudumu. Waliojifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60, dhidi ya 47 kwa wasiopewa. Ila faida hiyo waliipata wanawake wa mjini. Wa shamba haikuwafikia. Na sehemu kubwa ya Pemba ni shamba.

Wataalamu wa kompyuta huniambia kwamba kuunganisha mifumo si kazi ngumu tena, kwa kuwa zipo kanuni za kimataifa zinazouwezesha mfumo mmoja kuuambia mwingine: jambo fulani likitokea, nijulishe. Nawaamini. Ugumu uko kwenye jina. Andika Asha Juma Khamis katika kompyuta ya hospitali yoyote ya kisiwani, uone watakaojitokeza. Taarifa ya kifo ikimwangukia Asha mwingine, hilo litakuwa balaa kubwa kuliko lile la chanjo. Ndiyo maana nasema namba ya kitambulisho cha Mzanzibari iandikwe katika kila mfumo, na nawaomba wagonjwa watwambie kila wabadilishapo laini. Tukumbuke pia kwamba simu ya mke mara nyingi ni simu ya nyumba nzima. Jibu la kipimo cha virusi vya UKIMWI halina nafasi katika ujumbe; "njoo kituoni" yatosha.

Ningepewa fursa ya kuchagua pa kuanzia, ningeanza na kifo, ili arifa ya kwanza kuunganishwa iwe ile inayozinyamazisha nyingine. Kisha ruhusa ya kutoka hospitali kwa mama aliyekuwa na shinikizo la damu katika uzazi. Kifafa cha mimba huweza kumpata hata siku kadhaa baada ya kujifungua, akiwa kwake, na mhudumu wa afya wa shehia yake hana habari kwamba amerudi. Leo twaitegemea karatasi iliyokunjwa katika pindo la kanga.

Siku ile nilipiga simu tatu hadi namba ya yule mama ikaondolewa katika orodha. Mwaka uliofuata alirudi na mimba nyingine. Muuguzi alipomwomba namba ya simu, alikataa kuitoa, na hakuna aliyemshurutisha. Tulimwandika katika daftari kwa kalamu, na mhudumu wa shehia akaahidi kumpitia kwa miguu kila Jumatatu.