Idjwi: fungueni mlango wa formasyo, fungeni siri za vijana



Tuko na diploma na hatuna kazi. Tuliosoma sheria, uchumi au maendeleo ya vijijini, wengi wetu tunapiga hodi sasa kwenye vituo vya kujifunza kazi za mikono: kushona, suduri, useremala, umeme wa jua, kutengeneza pikipiki. Hatuoni haya, fundi anakula jasho lake. Wadogo zetu walioacha shule kwa kukosa makuta wanasimama nasi kwenye foleni ile ile.

Kwenye foleni hiyo kuna mambo mawili yanayotuumiza. La kwanza ni masharti ya kuandikishwa, yanayofukuza hasa wale ambao formasyo ilitengenezwa juu yao. La pili ni maswali ya ndani ambayo kijana anajibu mbele ya watu, kisha karatasi yake inatembea bila yeye kujua.

Tuanze na masharti. Vituo vingi vinadai karte ya mpiga kura. Sababu tunaijua: hesabu ya mwisho ya raia wote wa Kongo ilifanyika mwaka 1984, na kadi mpya ya kitambulisho iliyozinduliwa Juni 2023 sisi kisiwani hatujaishika. Kwa hiyo karte imegeuka kuwa kitambulisho cha kila kitu. Lakini karte inatolewa kwa ajili ya kuchagua, na Katiba inasema anayechagua ni mwenye miaka 18. Binti wa miaka 16 wa Kihumba anayetaka kujifunza kushona ataitoa wapi? Anarudi nyumbani, ama anadanganya umri. Akidanganya, uongo huo unamfuata mpaka kwenye brevet yake.

Wanasema basi alete cheti cha kuzaliwa. Sheria inawapa wazazi siku 90 kuandikisha mtoto. Siku hizo zikipita, ni lazima kupitia tribinali. Kwa mtu wa Idjwi, kila karatasi inayokosekana inaweza kuwa safari: boti, siku moja ama mbili za kungoja, na franka za hapa na pale. Kuna familia za Bambuti kisiwani ambazo hazijawahi kushika karatasi hata moja ya mtoto wao. Sheria ya kulinda watu wa asili, ya Julai 2022, ipo. Lakini inasaidia nini kama mlango wa kituo unafungwa juu ya fotokopi?

Wengine wanadai diploma ya Leta kwa mtu anayetaka kujifunza kupiga randa. Wengine wanataka barua ya shefu, na mwenye barua ni yule anayejulikana kwa shefu. Ibara ya 13 ya Katiba inasema wazi kwamba katika masomo hakuna Mkongo wa kubaguliwa kwa sababu ya kabila, jamaa, hali ya maisha au mahali anapoishi.

Tunasikia jibu la wakuu wa vituo: «Mfadhili anataka majina, anataka ushahidi kwamba wanafunzi ni watu kweli.» Jibu hilo lina haki yake. Tumeona miradi iliyohesabu wanafunzi hewa, na hatutaki irudi. Lakini kuhakikisha kwamba mtu yupo ni kazi moja, na kuchimba maisha yake ni kazi nyingine.

Hapo tunafika kwenye siri. Fishi ya kuandikishwa inahitaji jina, umri, simu, kazi unayotaka kujifunza, na mtu wa kuita ukiumia. Kwa suduri, inaeleweka kuuliza kama macho yako yana shida. Lakini kabila lako linasaidia nini kwenye cherehani? Kama ulipita kwenye kundi la silaha, kama ulibakwa, kama uko na virusi vya UKIMWI, kwa nini viandikwe kwenye fishi ambayo sekretere, mlinzi na mgeni wote wanaweza kusoma? Kuna kituo kimoja ambapo tuliona orodha imebandikwa ukutani, majina na namba za simu pamoja na safu ya «aina ya shida». Jioni picha yake ilikuwa kwenye WhatsApp.

Tangu Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, hakuna anayeweza kutuambia orodha ni karatasi tu. Orodha ya vijana, vijiji vyao na maisha yao ya zamani ni hatari ikishikwa na mtu wa silaha, awe wa upande wowote.

Na sheria iko. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda maisha ya ndani ya kila mtu. Sheria ya tarehe 14 Julai 2008 inakataza kubagua wanaoishi na virusi. Kodi ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inalinda habari za mtu binafsi. Majirani zetu wa Kenya wameanza kuonyesha njia: mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ruhusa ya wazazi. Sisi pia tuko kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022.

Kwa hiyo tunadai, kwa vituo vya Leta, vya makanisa na vya ma-ONG:

1. Asiye na karte aandikishwe kwa ushuhuda wa mzazi au wa watu wawili wanaomjua, na apewe muda wa kutafuta karatasi akiwa tayari anasoma.
2. Masharti yabandikwe wazi Bugarula, Monvu na Rambo kabla ya maandikisho, pamoja na bei yote.
3. Maswali ya kabila, ya vita na ya ubakaji yatoke kwenye fishi. Anayehitaji msaada aongee na mtu mmoja aliyefunzwa, mlango ukiwa umefungwa.
4. Orodha ya ukutani iwe na namba tu. Fishi zikae kwenye kabati yenye ufunguo.
5. Picha ya mwanafunzi isipelekwe kwa mfadhili bila ruhusa yake, na ya mzazi kama hajafikisha miaka 18. Anayekataa picha asipoteze nafasi.

Nawe kijana, kabla ya kutia sahihi uliza: habari hii ni ya nini, nani ataisoma, itakaa wapi? Ni haki yako, hauombi zawadi. Wakikufukuza kwa sababu umeuliza, tuambie. Tutaenda pamoja mpaka kwa mkuu wa kituo, bila fujo, na Katiba mkononi.