Kigari cha jiko la nyama: nunueni kimoja, msinunue sita

Jua likitoka Brussels hata siku tatu mfululizo, simu yangu haitulii. Wapendwa, mnanitumia picha za majiko ya kubebeka na vigari vyake vya kukunja, mnaniuliza kipi kizuri, kipi cha bei nafuu, kipi kina punguzo. Leo nawajibu wote kwa pamoja, na huenda jibu langu lisiwafurahishe wengine: wengi wenu hamna haja ya kukinunua kila mtu peke yake. Kama ninyi ni kikundi kinachokutana kula nyama choma, changeni mnunue kimoja kizuri. Vigari sita vya bei ya chee kwa nyumba sita ni hela ya nyumbani iliyotupwa, na kimoja kati yake kinaweza kuja kumuunguza mtoto.

Kwa ambaye hajakiona, ni fremu ya chuma au alumini yenye miguu ya kukunja na magurudumu mawili. Ukikifungua kinakuwa kama meza ya kuwekea jiko dogo la gesi au la mkaa, kimo cha kiuno. Ukikikunja unakivuta kama sanduku la safari. Basi, ndiyo hicho tu.

Sasa, kwa nini kinatuhusu sisi wa Auderghem? Kwa sababu wilaya hii ina bustani nyingi, ila nyingi si zetu. Wengi tunakaa kwenye fleti, ghorofa ya tatu, ya nne, balkoni ya kuweka viti viwili. Mwenye bustani ni dada mmoja kule Beaulieu, au kaka mmoja aliyepanga nyumba ya chini huko Watermael-Boitsfort, au familia inayomruhusu mfanyakazi wake kuitumia Jumapili moja moja. Kwa hiyo jiko letu linasafiri. Leo liko kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Ndiyo maana kigari si anasa kwa kila mtu. Kubeba kilo kumi za jiko mkononi kutoka kituo cha metro si mchezo, hasa mgongo ukiwa tayari umechoka na wiki nzima ya kusafisha nyumba za watu.

Yaliyonikuta mimi

Niwape kisa changu, nisije nikaonekana nahubiri tu. Miaka michache iliyopita nilinunua kigari kwenye intaneti, euro 45. Kwenye picha kilikuwa kinang'aa. Muuzaji hakuwa hata Ulaya, lakini sikuangalia hilo. Niliangalia bei tu. Mwezi ule nilimpunguzia mama hizo euro 45 kwenye kile ninachomtumia. Nikampigia simu, nikamwambia mambo yamebana kidogo. Akasema, "Haya mwanangu, usijali. Dawa ya goti itasubiri." Mimi nikajua kabisa kwamba mambo hayakubana, nimenunua kigari.

Mara ya tatu kukitumia tulikuwa bustanini kwa mwenzetu mmoja, mishikaki ipo motoni. Nikaegemeza kiwiko kidogo tu pembeni nikigeuza nyama. Lachi ya mguu mmoja ikaachia. Jiko likainama, chuma chenye moto na mafuta vikaja chini kwenye nyasi. Mtoto wa miaka mitano alikuwa amesimama hatua moja kutoka pale. Mama yake alimvuta kwa shati. Hatukuunguza mtu, lakini mikono yangu ilitetemeka hadi jioni, na hakuna aliyekula kwa raha.

Niliandika kwa muuzaji mara mbili. Kimya. Risiti sikuitunza. Euro 45 zikaenda, na dawa ya goti ilikuwa imesubiri bure. Tangu siku ile neno "rahisi ghali" silisemi tena kwa kucheka.

Hesabu ya ukweli

Hebu tupige hesabu pamoja. Chukua kigari imara cha euro 120. Ukinunua peke yako na ukakitumia mara tatu majira ya joto (na mvua za hapa mnazijua), kwa mwaka wa kwanza kila nyama choma imekugharimu euro 40 kabla hujanunua hata nyama. Sasa mkiwa nyumba sita, kila moja inatoa euro 20. Kikundi kikikutana mara nane kwa mwaka, kwa miaka minne, ni mara 32. Euro 120 gawanya kwa 32 ni euro 3.75 kwa kila kikao, na hiyo ni ya watu wote. Kwa kila nyumba haifiki hata senti 65.

Na ile euro 100 iliyobaki mkononi mwako? Hapo ndipo ninapotaka mkae macho. Isipopewa kazi siku hiyo hiyo, itayeyuka. Itume nyumbani, au iweke akiba. Na ukiituma, itume mara moja. Tuseme njia yako inakata euro 4 kila unapotuma. Ukigawa euro 100 mara nne, umelipa 16. Ukituma mara moja, umelipa 4. Pia usitazame ada peke yake. Uliza upande wa pili atapokea shilingi au faranga ngapi mkononi, kwa sababu wengine wanatangaza "ada sifuri" halafu wanakula kwenye bei ya kubadilisha fedha. Nchi za Umoja wa Mataifa zimejiwekea lengo la kushusha gharama ya kutuma hela chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Kama wewe bado unakatwa asilimia 7 au 8, linganisha njia nyingine kabla hujalinganisha vigari.

Namna ya kuchagua

Haya, kikundi kimekubaliana. Mkienda kununua, kagueni hivi.

Kwanza, uzito. Pimeni jiko lenu likiwa na nyama, vyuma na kila kitu, halafu tafuteni kigari kilichoandikwa kinabeba angalau mara moja na nusu ya hapo. Jiko na vitu vyake vikiwa kilo 14, tafuteni cha kilo 21 kwenda juu. Watu wataegemea, hilo halina ubishi.

Pili, lachi za miguu. Kifungueni dukani. Kila mguu ujifunge kwa sauti ya "tak", na usiachie mpaka ubonyeze kwa makusudi. Kisukumeni kutoka pembeni. Kikiyumba kikiwa kitupu, kikiwa na moto itakuwaje?

Tatu, magurudumu. Vigurudumu vya plastiki vidogo kama vya kiti cha ofisini ni vya sakafu ya dukani. Njia zetu za miguu zina mawe yaliyoinuka na mizizi ya miti, na bustani ni nyasi na udongo laini. Chukueni gurudumu pana, lenye kipenyo cha sentimita 15 au zaidi.

Nne, kinavyolishika jiko. Vigari vingi vimetengenezwa kwa jiko la kampuni moja tu. Nendeni na vipimo vya jiko lenu, au mlibebe kabisa. Jiko lililokaa juu bila kushikwa na kitu ni ajali inayosubiri siku.

Tano, kikikunjwa kinaingia wapi? Pimeni mlango wa lifti na kona ya kuhifadhia kwenye kave. Msije mkanunua kitu kinacholala kwenye ngazi za jengo, mwenye nyumba akawaandikia barua.

Kuhusu mahali pa kununua, kitu kipya kutoka kwa mfanyabiashara wa hapa Ubelgiji kina dhamana ya kisheria ya miaka 2, hata kama muuzaji hakuitaja. Ukinunua kwa mfanyabiashara wa Ulaya kupitia intaneti una siku 14 za kubadilisha mawazo. Piga picha ya risiti siku hiyo hiyo, maana karatasi zile hufutika maandishi. Mitumba nayo ni sawa. Pitieni Les Petits Riens, angalieni 2ememain, tembeleeni masoko ya vitu vya zamani ya mtaani. Ila ukinunua kwa mtu binafsi, ile dhamana ya miaka 2 haipo, kwa hiyo kagua lachi mara mbili kabla hujatoa hela.

Namna ya kutumia

Msitu wa Soignes, ndugu zangu, si mahali pa kuwasha moto. Najua ukishuka Herrmann-Debroux, mwisho wa laini ya 5, ukatembea kidogo mpaka Rouge-Cloître, unaona mabwawa na miti mikubwa na nafsi inasema "hapa hapa". Hapana. Moto msituni umepigwa marufuku. Bustani za umma nazo usidhani tu kwamba inaruhusiwa. Soma kibao cha langoni au uliza ofisi ya wilaya kabla. Faini moja inakula mchango wote wa kigari. Na kwenye balkoni, soma mkataba wa kupanga na kanuni za jengo kwanza.

Kigari kisimame mahali tambarare. Kama ni nyasi laini, weka ubao chini ya miguu. Kikishawashwa moto hakisogezwi tena, hata kama moshi unamfuata shangazi wa watu. Shangazi ahamishwe kiti. Chora mstari wa mita moja kuzunguka jiko kwa kamba au viti, na watoto wasivuke. Mtu mmoja apewe kazi ya kukaa na moto, asiwe yule mwenye chupa mkononi.

Gesi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka chini na kutuama. Kwa hiyo mitungi isihifadhiwe kwenye kave. Wala usipande nayo metro. Mwenyeji wa siku hiyo anunue gesi karibu na kwake, nanyi mje na jiko na kigari tu. Kabla ya kuwasha, paka maji ya sabuni kwenye maungio ya mpira wa gesi. Ukiona mapovu yanatoka, funga.

Na mkaa, tafadhali, usiingizwe ndani hata kama unaona umezimika. Mvua ikinyesha mkakimbia ndani, jiko la mkaa libaki nje lilowe. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Mtu akianza kuumwa kichwa na kizunguzungu, tokeni nje wote mpige 112.

Mwisho, msikunje kigari jiko likiwa na joto. Subirini lipoe mpaka mkono ukae juu yake bila shida. Futeni mafuta kwenye bawaba, maana mafuta yakikauka lachi haijifungi vizuri, na tunarudi kwenye kisa changu.

"Lakini cha wengi hakina mwenyewe"

Najua mtaniambia hivyo. Kaka mmoja wa Kigoma alishanitolea methali kabisa: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hakukosea. Kitu cha shirika kisipopangiwa utaratibu huharibika, na kinaweza kuharibu hata urafiki. Mimi nasema dawa yake ni karatasi moja. Andikeni nani ametoa ngapi, kigari kinalala kwa nani na kwa miezi mingapi, anayekiazima anakirudisha kikiwa safi ndani ya siku ngapi, kikivunjika mikononi mwa mtu anafanyaje, na mtu akihama Ubelgiji anarudishiwa nini. Wote wasaini, kila mmoja apige picha kwenye simu yake. Kikundi kinachoshindwa kukubaliana kuhusu kigari cha euro 120, ndugu yangu, usiweke humo akiba yako ya mwaka. Kwa hilo peke yake, kigari kimeshawasaidia kujuana.

Kuna wengine watasema, "Mimi nanunua changu nifanye biashara ya mishikaki wikendi." Wazo si baya, lakini kuuza chakula mtaani hapa kunahitaji kibali cha biashara ya kutembeza na kujisajili AFSCA, ile idara ya usalama wa chakula. Fuatilia karatasi kwanza, kigari baadaye.

Na kwa aliye peke yake, asiye na kikundi, ananiuliza afanye nini? Azime. Kama huna wa kukuazima, shida yako si kigari. Tafuta watu kwanza, maana nyama choma ya mtu mmoja ni chakula cha jioni tu.

Sisi siku hizi tuko nyumba sita. Kigari chetu kina umri wa miaka mitatu na kinalala kwa dada wa Beaulieu. Mimi nilitoa euro 20. Mwezi ule mama alipata hela yake yote, na sikuwa na la kumdanganya kwenye simu. Aliniuliza habari za huku nikamwambia Jumapili tulichoma nyama. Akacheka, akasema, "Na mimi niwekeeni kipande."